Kopo la Vigae na Kinu cha Sombe

Majina nayakumbuka yote. Nakumbuka jina la mwanamke aliyetufundisha kuchimba udongo kwetu, jina la mume wake, hata jina la mbuzi wao aliyekuwa akilamba vyungu vibichi. Nakumbuka jina la rafiki yangu Mrusi pamoja na la baba yake, maana wao hawakuiti kwa heshima bila kutaja na la baba, na nilijifunza kulitamka lote bila kukwama. Lakini humu sitaandika hata moja. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba. Alisema kazi zake za maisha yote zimekaa katika makabati ya watu bila jina lake, kwa hiyo nikimsimulia nimsimulie hivyohivyo, asije akajiona mkubwa uzeeni.

Basi nitamwita rafiki yangu, na binti yangu nitamwita binti yangu. Wengine si wengi.

Sisi tunakaa Richfield, karibu na uwanja wa ndege, ndege zinapita juu ya paa mpaka sahani zinaongea kabatini. Binti yangu anafanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao. Wakati wa baridi alikuwa hataki kuniacha peke yangu, kwa sababu kuna siku niliwasha jiko, nikatoka mlangoni kutafuta jua, mlango ukajifunga nyuma yangu nikiwa na kandambili kwenye theluji. Tangu siku hiyo ananipakia garini kama mzigo, tunaenda wote kwa mzee wake wa asubuhi.

Mzee huyo wa asubuhi alikuwa mwanamke mrefu, mifupa mitupu, nywele nyeupe amezikata kama mwanajeshi, anakaa ghorofa ya saba katika jengo la wazee kule Minneapolis. Siku ya kwanza hakunitazama usoni. Alinitazama kwa pembeni, kama kuku anavyotazama punje, nikasema moyoni, huyu mama ana dharau. Baadaye binti yangu akanieleza kwamba macho yake yameharibika katikati. Akikutazama moja kwa moja anaona doa tu, akitaka kukuona lazima ageuze kichwa. Nikaona haya peke yangu.

Jengo lile lina chumba cha udongo chini kabisa, karibu na mashine za kufulia. Wazee wanashuka huko kufinyanga vibakuli. Kuna mwalimu, kuna meza, kuna tanuru ya umeme kubwa kama pipa. Rafiki yangu alikuwa anashuka lakini hatengenezi kitu. Anakaa tu na donge mkononi, analibonyeza, analibonyeza. Siku moja binti yangu akanishusha na mimi. Udongo ulikuwa kwenye mifuko ya plastiki, wa kijivu, umekatwa vizuri kama mche wa sabuni. Sikuwa nimeshika udongo wa kufinyanga tangu tulipokimbia vita. Kambini, upande wa Kigoma, udongo ulikuwepo, moyo ndio haukuwepo. Basi nikanyofoa kipande, nikanusa, nikatia kidogo mdomoni na kukitafuna kwa meno ya mbele.

Mwalimu akaja mbio. Binti yangu akaona aibu, akaniambia mama jamani, huo si wa kula. Nani amesema ninakula? Kwetu huwezi kuujua udongo mpaka meno yako yausikie. Ukiwa laini mno utapasuka motoni, ukiwa na chembe kidogo utavumilia. Huu ulikuwa laini kama uji wa mtoto. Nilikuwa bado nautema kwenye karatasi nikasikia mtu anacheka. Ni yule mama mrefu. Akageuza kichwa, akanyofoa kipande chake, akakitafuna, akakunja uso, akakitema kiganjani. Akatikisa kichwa: haufai. Na mimi nikatikisa changu: haufai. Urafiki wetu ulianza hapo, kwa kutema mate.

Kiingereza chake kilikuwa kizito, na changu ni cha kuombea maji na kushukuru. Mambo marefu alitupitishia binti yangu, mengine tuliyamaliza kwa mikono. Ndivyo nilivyopata habari zake, kidogo kidogo, kwa majira mawili ya baridi.

Alizaliwa Urusi, zamani zile za Usovieti, katika mji wenye mto unaoganda. Baba alikwenda vitani hakurudi, mama naye akaondoka kwa ugonjwa, akalelewa na dada yake ambaye mwenyewe alikuwa msichana tu. Dada alifanya kazi kiwanda cha matofali. Nyumbani hapakuwa na kitu cha kuchezea mtoto, kwa hiyo kila jioni dada alirudi na donge la udongo mbichi ndani ya mfuko wa koti, amelichukua kwa kujificha. Mtoto analifanya ng'ombe, analifanya mkate, analifanya askari, na asubuhi dada analiponda na kulirudisha kiwandani likawe tofali. Rafiki yangu alisema nyumba nyingi za mji ule zina ng'ombe wake ndani ya kuta.

Alipokua akasomea sanamu, halafu akaajiriwa kwenye kiwanda cha vyombo vya kauri, vile vyeupe vinavyolia ukivigonga kwa ukucha. Kazi yake ilikuwa kutengeneza sanamu ndogo za kuweka juu ya kabati. Yeye anatengeneza moja kwa mikono yake, mafundi wanaichukulia kalibu ya plasta, wanamimina udongo wa majimaji, zinatoka maelfu. Chini ya kila moja wanapiga muhuri wa kiwanda. Jina lake halimo popote. Kuna mwaka waliletewa kazi ya kutengeneza kichwa cha kiongozi wao, wakagawana: fulani pua, fulani ndevu. Yeye akapewa masikio. Akaniambia alitengeneza masikio ya mtu yule mpaka akawa anayaota, na kwamba hakuna mtu katika nchi nzima aliyeyajua kama yeye, hata mke wake.

Lakini kazi haitoki mpaka kamati iikubali. Kamati inakaa kwenye meza yenye kitambaa cha kijani, inaizungusha sanamu, inauliza maswali. Alitengeneza mkamua maziwa, mwanamke amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, amevua viatu, miguu imevimba, anatazama chini. Alimfananisha na dada yake alivyokuwa akirudi kutoka kwenye matofali. Kamati ikasema mfanyakazi wetu hachoki namna hiyo, mpe tabasamu. Akachukua kijiti, akainua pembe mbili za mdomo, kazi ya dakika moja. Zikatoka maelfu, zote zinacheka na miguu imevimba.

Habari hiyo nisingeiamini kama nisingeiona kwa macho. Siku moja binti yangu alitupeleka Saint Paul kwenye duka la vitu vilivyotumika, mimi natafuta sufuria ya fufu. Rafiki yangu anapitisha vidole kwenye rafu kama kawaida yake, maana anaona kwa vidole zaidi. Mara akasimama. Alikuwa ameshika kisanamu, mwanamke juu ya ndoo, pekupeku, anatabasamu. Akakigeuza chini, akapapasa muhuri. Binti yangu akafurahi, akataka tukichukue, akasema mama, hii ni kazi yako, imekufuata mpaka huku. Rafiki yangu akakirudisha mahali pake taratibu, katikati ya kikombe na saa mbovu. Akasema, "Hii si yangu. Hii ni ya kamati."



Sasa nieleze ya kwetu, maana bila hiyo hutaelewa nilichokifanya. Mama yangu alikuwa mfinyanzi, na bibi yangu, juu ya ziwa, upande wa milimani. Udongo una masharti yake. Mwanamke mwenye hasira haendi shimoni kuchimba wala hagusi donge mpaka aliyegombana naye wapatane. Chungu kibichi hakisifiwi, ukikisifu kabla ya moto umekiharibu. Na vigae havitupwi. Chungu kikivunjika, vigae vinatwangwa kinuni, vinachekechwa, unga wake unachanganywa na udongo mpya ili upate nguvu ya kuvumilia moto. Mfinyanzi akizeeka, au akiona anakwenda, anachukua vigae vya chungu chake kizuri kuliko vyote anampa mwanamke mwingine anayemwamini. Hasemi neno. Anamwekea kifuani tu. Unajua cha kufanya: unatwanga, unatia kwenye udongo wako, chungu chake kinaendelea ndani ya chako. Mama yangu alinipa vyake hivyo. Nilivitwanga nikilia.

Jambo la kutwanga vigae rafiki yangu alilijua, maana hata wao wanatwanga udongo uliochomwa na kuuchanganya. Ule udongo laini wa chumba cha chini tuliutengeneza hivyo. Mwalimu alitupa vibakuli vilivyopasuka, nikavibeba nyumbani, nikavitwanga katika kinu changu cha sombe, yale majani ya muhogo, pale kwenye roshani, nikarudisha unga. Rafiki yangu akauchota, akauchezesha kati ya vidole, akanibusu mashavuni mara tatu. Kuanzia hapo akaanza kufinyanga tena, ndege wadogo, samaki, kwa kupapasa. Mimi namkandia donge, yeye anatengeneza. Akiwa na hasira na mwanawe aliyekaa mwezi bila kupiga simu, mimi namnyang'anya donge. Yeye ananicheka, anasema kama angengoja hasira ziishe asingetengeneza hata sahani moja katika nchi ile.

Jambo moja hakunieleza, nalo ni habari ya kopo. Lilikuwa kopo kubwa la chai, la bati, jekundu, liko chini ya kitanda chake. Nililiona kila binti yangu alipofagia. Sikujua ndani kuna nini. Ndani kulikuwa na dada yake.

Nasema hivi: katika miaka yote ya kiwanda, rafiki yangu alitengeneza kitu kimoja tu ambacho hakikupita kwenye kamati. Alitengeneza kichwa cha dada yake akiwa hai, dada amekaa mbele yake jikoni anamenya viazi. Akakiingiza kwa siri kwenye tanuru ya kiwanda, nyuma ya sahani, kikaiva. Picha za dada hakuna, ziliungua pamoja na nyumba. Alipohamia Amerika, dada alikuwa ameshazikwa, na kichwa kile alikibeba mapajani ndege nzima, ndani ya sanduku dogo. Hapa uwanjani, palepale ndege zinapotetemesha sahani zangu, sanduku likamponyoka. Alisikia sauti tu, hakufungua. Alikuja kulifungua baada ya mwaka, akavitia vigae kwenye kopo, akasema siku moja nitaviunganisha. Siku hiyo ikawa inasogea mbele, na macho yanarudi nyuma.

Haya yote niliyajua baadaye. Ningeyajua mapema nisingekuwa na cha kuandika.

Aliteleza bafuni, akavunjika nyonga. Sisi ndio tuliomkuta asubuhi. Watu wa gari la wagonjwa wakaja na kitanda chao cha magurudumu, wanamfunga mikanda, wanamuuliza maswali, na yeye anahangaika, anaonyesha chini ya kitanda. Nikalitoa kopo. Akalishika, akaliweka kifuani kwangu, akaliminya hapo kwa mikono miwili, akanitazama kwa pembeni. Hakusema neno. Wakampeleka kwenye lifti.

Mniambie nyie, ningeelewa nini?

Nilifika nyumbani nikafungua kifuniko. Vigae vya rangi ya mdalasini, vizito, vimeiva vizuri sana. Nikajua huyu mwenzangu anaona anakwenda, na katika watu wote amenichagua mimi. Nililia kama nilivyolilia vya mama. Kisha nikatandika kitenge kwenye roshani, nikaosha kinu harufu ya sombe itoke, nikaanza kutwanga. Siku tatu, mchana. Jirani wa chini akapanda kulalamika kuwa taa yake inacheza, nikampa maandazi.

Kulikuwa na kigae kimoja chenye jicho. Nisiwafiche, nilisita. Nikajiambia, huyu ni fundi wa sanamu, chungu chake kitakuwa na macho, changu kina shingo na tumbo. Nikalitwanga jicho lile kwanza, lisiendelee kunitazama.

Nilichekecha kwa chekeche la unga wa ngano, halafu kwa kitambaa. Ulitoka unga kama wa hina. Nikaurudisha kwenye kopo lilelile, nikalifunga, nikangoja habari za msiba.

Msiba haukuja. Walimtia chuma kwenye nyonga, wakamweka mahali pa kujifunzia kutembea, na miezi miwili ilipokwisha akarudi ghorofa ya saba anasukuma kigari chake cha kutembelea. Nilifurahi mpaka nikasahau koti. Nikalibeba kopo kwa heshima, nikiwaza nitamwambia unga uko tayari, tutaufinyanga pamoja, kumbe umepona. Nikampa. Akaliweka mapajani na kunishukuru kwa Kirusi chake. Alikuwa tayari ameweka gundi mezani, na taa kubwa, na karatasi nyeupe.

Akafungua, akatia vidole. Vidole vikaenda, vikaenda, vikafika chini. Akavitoa, akavipapasa kwa mkono mwingine.

Akamuuliza binti yangu kitu. Binti yangu akaniuliza, "Mama, vipande viko wapi?"

"Ndiyo hivyo," nikasema. "Nimetwanga vyote. Mwambie sikumwaga hata chembe."

Binti yangu alitafsiri nusu tu, maana alikuwa ameiona ile gundi. Wakasemezana. Kisha binti yangu akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, jambo asilolifanya kazini, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba kile kilikuwa uso wa dada yake, alinipa nimtunzie tu, na kwamba hakuna mwingine duniani.

Nilipiga magoti. Nilisema maneno yote ya kuomba radhi ninayoyajua, kwa Kiswahili, kwa lugha ya kwetu, hata Kifaransa cha misa. Rafiki yangu hakupiga kelele. Alifunika kopo, akaomba nirudishwe nyumbani.

Nilikaa nyumbani wiki sita. Binti yangu alikuwa akifunga mlango na kuninyima funguo za jiko, na mimi sikumlaumu. Kila jioni namuuliza, amesema nini? Hajasema. Anakula? Anakula. Kopo liko wapi? Mezani, mama, mezani, niache nivue viatu. Nilikitia kinu kwenye mfuko mweusi nikakiweka karibu na takataka, binti yangu akakirudisha jikoni. Akasema makosa niliyafanya mimi, kinu hakijafanya kitu, na sombe ya dukani ina majani makubwa kama viraka.

Nililoshindwa kulivumilia ni hili: nilijua sitaweza kulipa. Ningevunja sahani ningeleta sahani. Uso nitauleta kutoka wapi? Ni huyu mtu peke yake aliyeubeba kichwani, macho yanafunga, mikono inatetemeka, na mimi nimemwondolea kitu pekee ambacho vidole vyake vingekisoma.

Halafu siku moja binti yangu akarudi, hata salamu hajatoa, akasema, "Mama, anauliza umechekecha kwa chekeche gani."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Moyo wangu ulifunguka hapohapo, kwa sababu aliyekuacha kabisa hakuulizi chekeche. Nikampa lile la unga wa ngano, na kile kitambaa, amkabidhi vyote. Kesho yake akaleta jibu: ni nzuri, lakini kwa kufinyanga kichwa upya inatakiwa chembe kubwa kidogo, utakuja kukanda wewe maana mimi siwezi kusimama.

Nikaenda. Hatukukumbatiana. Alinionyesha udongo, alinionyesha kopo, nikafunga kitenge, nikaanza kukanda. Nilichanganya unga wa dada kwenye ule udongo laini, konzi kwa konzi, na yeye amekaa na mkono wake juu ya mkono wangu ili asikie. Ulipotosha akanigonga kidole. Pembeni kikabaki kiasi cha kikombe cha unga.

Alifanya kazi kuanzia theluji ilipokuwa mpaka magotini hadi ilipobaki kwenye kona za maegesho tu. Alifumba macho kabisa, akasema doa la katikati linamsumbua. Anapapasa shavu lake mwenyewe, anapapasa udongo. Mara anauvunja wote, ananipa nikande upya. Aliuvunja mara nne. Alikuwa bado na hasira, niliiona kwenye mabega, na kila asubuhi nilimwomba kupitia binti yangu angoje tupatane kwanza. Akanijibu kwamba tutapatana kazi ikiisha, udongo unakauka. Mimi naogopa, maana kwetu huo ulikuwa mkosi tosha.

Basi kikasimama. Kichwa cha mwanamke, ukubwa wa papai kubwa, nywele zimefungwa kitambaa, shingo fupi ya mtu wa kubeba. Akakikata nyuma kwa waya, akakikomba ndani kiwe tupu kisije kikalipuka motoni, akakifunga tena. Nikakifunika kwa kitenge changu kibichi, kikauke taratibu, na kila siku nalegeza kidogo. Siku ya kukifunua binti yangu akaingia, akasimama, akasema kimependeza. Nilimrukia kumziba mdomo. Wakati huohuo rafiki yangu akageuka akatema mate mara tatu juu ya bega lake la kushoto, tfu tfu tfu, akagonga meza. Kumbe hata kwao. Tukatazamana, mimi na mkono kwenye mdomo wa mtoto, yeye na mate kwenye sweta. Hapo ndipo alipocheka mara ya kwanza tangu nyonga.

Mwalimu wa udongo akakitia kwenye tanuru. Alisema inachukua siku mbili, moja ya kupanda na moja ya kupoa, na hairuhusiwi kufungua. Tanuru ya kwetu ilikuwa shimo na majani makavu, unakaa nayo, unaisikia. Ya umeme inavuma tu kama friji. Tulikaa kwenye viti vya kufulia nguo, wazee wanaingia na makapu yao, wanatuuliza mashine ipi ni yetu. Rafiki yangu alishika mkono wangu. Kiganja chake kilikuwa kikavu kama maganda ya karanga. Nilikuwa nahesabu moyoni: kikipasuka ni kwa sababu yangu, unga wangu, hasira aliyoniwekea, au binti yangu na mdomo wake.

Mwalimu akafungua. Kilikuwa kizima. Nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, basi. Rangi ilikuwa ya mdalasini, ileile.

Wakamwekea mapajani. Alifumba macho na kuanza juu, kwenye kitambaa cha kichwa, akashuka kwenye paji, nyusi, akakaa sana kwenye macho, akashuka. Alipofika mdomoni vidole vikasimama. Vikarudi, vikapita tena pembe hii, pembe ile. Mtu wa kumwambia umepatia au umekosea hayupo duniani, ni yeye tu.

Akasema maneno machache. Binti yangu akatafsiri: "Ni yeye. Lakini ni yeye akiwa amenikasirikia."

Kisha akaongeza jambo lingine, binti yangu akaanza kucheka kabla ya kunipa. Alisema siku ya kutengeneza mdomo alikuwa ananiwaza mimi na kinu changu. Hasira ni yake, ila imeingia kwenye mdomo wa dada, na kusema kweli dada alikuwa akimtazama hivyohivyo kila alipopaka udongo kwenye shuka. Ule uso wa kumenya viazi ulikuwa mpole mno. Alimpoza kidogo dada yake wakati ule, bila hata kamati kumwambia. Huu ndio wa kila siku.

Mimi nilikuwa nalia, sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka nilimwuliza kama sasa tumepatana. Akanijibu yeye mwenyewe, kwa Kiingereza kile kizito ambacho hata mimi nilikielewa, kwamba tulipatana siku ya chekeche, alikuwa ananyamaza ili mdomo wa dada usiharibike.

Sasa kichwa kiko kwenye meza yake karibu na dirisha. Kila asubuhi tukifika nakisalimia kwa jina la dada, lile refu lenye la baba, na rafiki yangu anaitika kwa niaba yake, sauti kali, kwamba tumechelewa. Ule unga uliobaki alinipa, uko jikoni kwangu kwenye chupa ya kahawa, na binti yangu alikaribia kuutia kwenye maharage akidhani ni viungo.

Juzi nilikuwa nafuta vumbi pale dirishani, kigari chake kikagonga meza, kichwa kikayumba. Nilikidaka kwa mikono miwili, nikabaki nimekikumbatia. Yeye hata hakushtuka. Akaendelea kukoroga chai yake, akaniambia maneno mawili matatu, nikamwita binti yangu aje anihakikishie kwamba nimesikia sawa.

Binti yangu akasema, "Anasema kikivunjika usiulize mtu. Twanga."

Nikakirudisha mahali pake, nikakisogeza mbali kidogo na ukingo wa meza.